Nukta Isiyotundikwa

1

Mlimani Ngovi mvua hainyeshi, hunyeshwa. Mawingu ya Mungu yaliacha kusimama juu ya mlima ule zamani, ndipo wakubwa wa Idara ya Mawingu wakaleta chachu yao ya kijivu, inayopandishwa kwa maputo na kumwagwa angani ili unyevu ugande na kushuka. Gunia moja la chachu ni manyunyu. Magunia sita ni mvua ya kupandia maharage. Magunia arobaini hakuna aliyejua ni nini, mpaka siku Sefania Mbwambo alipotundika makopo manne na mfuniko mmoja, maji yakashuka na kuondoka na watu kumi na tisa wa kijiji cha Kwesao. Mmoja wao alikuwa Nakundwa, mke wake.

Miaka mitatu ikapita. Maputo yalifungiwa stoo na mahindi yakanyauka mashambani. Sefania, ambaye zamani alikuwa mtundikaji wa kituo, akawa mtu wa kuziba sufuria na ndoo zilizotoboka. Hapo barazani kwake ndipo Hidaya Mtulia alipomkuta, asubuhi ya Jumatano, siku mbili kabla maputo hayajarushwa tena.

Alikuwa binti mwembamba mwenye lafudhi ya pwani na viatu vilivyojaa udongo wa kupanda mlima. Akaamkia, akasema anatoka Idarani, kwamba yeye ndiye anayeandika programu ya simu inayoleta kipimo cha mvua kituoni. Sefania aliitikia marahaba, akaendelea kugonga ndoo. Watu wa Idara aliwajua. Baada ya gharika walikuja watatu, wamevaa mabuti mapya, wakamwuliza swali moja tu: je, uliiona nukta? Akasema ndiyo, kwa kuwa ni kweli. Wakafunga daftari, wakaenda kula.

Hidaya akasema amesoma jalada lote la gharika, na lina kurasa tatu. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna sentensi iliyomkwama kooni kama mwiba wa perege: *Mtundikaji aliiona nukta, akaipuuza.*

"Uliipuuza, baba?"

Nyundo ya Sefania ikasimama. Katika miaka mitatu hiyo watu walikuwa wamemwambia mengi, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nia ya kusikia jibu.

"Kaa nikuonyeshe," alisema.

Akavuta kamba tatu kutoka paani, zikaning'inia sambamba. Akamweleza, mikono ikifanya kazi huku mdomo ukisema, kwamba simu hairuhusiwi kukaribia maputo, maana chachu huamshwa na umeme, na cheche ndogo ya simu yatosha kuiwasha ikiwa bado guniani. Kwa hiyo simu hukaa kibandani, ngazi mia tatu chini ya jukwaa, na kipimo hupanda kwa macho. Mbele ya kibanda kuna nyaya tatu. Kila tarakimu hupewa waya wake. Makopo ndiyo hesabu, na mfuniko peke yake ni sifuri. Makopo manne kwenye waya mmoja ni nne. Makopo manne, kisha waya wa pili wenye mfuniko, ni arobaini. Mrushaji aliye juu jukwaani huangalia kwa darubini, akapakia magunia. Hata bibi asiyejua a wala be angeweza kuisoma. Kazi ilikwenda miaka kumi na mmoja bila kosa, kwa sababu simu ilisema 4 ikitaka nne, na 40 ikitaka arobaini. Kisha Jumatatu moja, bila barua wala onyo, simu ikasema 4.0.

Sefania akatundika kopo la nne, akafunga mfuniko kwenye kamba ya pili.

"Nukta niliiona, mwanangu. Nilisimama nayo pale, makopo mkononi. Niambie wewe uliyesoma. Ningeitundika wapi?"

Hidaya alizitazama kamba zile mpaka kuku wakaja kudonoa kamba za viatu vyake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejitapisha, kwamba ile sifuri aliiweka yeye. Mkurugenzi Ngailo alitaka takwimu zote za nchi zisimame mstari mmoja ulionyooka kwenye kioo kikubwa cha ofisini kwake. Vituo vya bondeni vilikuwa na mitambo ya kupima mpaka sehemu ya kumi ya gunia, wakati vya mlimani vilipima magunia mazima tu, hivyo namba zikawa ndefu na fupi, zikamkera macho. Akaagiza kila namba ivae tarakimu moja baada ya nukta, iwe na haja nayo au isiwe nayo. Hidaya aliiandika mchana mmoja kabla ya chai. Alidhani ni pambo.

Sefania alikuwa ameitunza hasira yake miaka mitatu kwa ajili ya mtu huyu huyu, bila kujua sura yake. Sasa ameketi mbele yake, na hasira haikujua pa kushika. Katika Idara ile nzima, kuanzia anayefagia hadi anayefagiliwa, hakuwahi kuona mtu aliyesema *ni mimi*. Akaingia ndani, akamletea kigoda, maana alikuwa amekalia jiwe.

2

Walifanya kazi siku ile yote. Hidaya alifungua mashine yake magotini, akaandika amri mpya: ifutwe kila sifuri iliyo mwishoni. Akampa Sefania simu ya majaribio, akamwonyesha pa kubonyeza.

Sefania akabonyeza 6.0. Simu ikajibu: 6.

Lakini si sita tupu. Ilikuwa sita na nukta imebaki ubavuni kama kupe. Hidaya akaguna, akaifuta nayo. Sefania akajaribu tena, ikaja sita safi. Binti akatabasamu, akaanza kufunga mashine.

"Ngoja," Sefania akasema. "Niweke arobaini."

Akabonyeza 40. Simu ikajibu: 4.

Wakatazamana. Akabonyeza mia moja, ikajibu moja. Akabonyeza sifuri yenyewe, kipimo cha siku ambayo hakuna kurusha, na kioo kikabaki kitupu kama sahani ya mtumishi wa umma mwisho wa mwezi.

"Umeua gharika ukaleta ukame," alisema Sefania. Akavuta ungo uliokuwa umening'inia ukutani, akatupa ndani yake konzi ya mahindi yenye pumba. Hakuwa na maneno ya kitabuni, darasa la nne ndilo lilikuwa chuo kikuu chake. Alimwonyesha tu kwamba kabla hujapepeta lazima ujue upepo unatoka wapi. Nukta ndiyo upepo. Sifuri iliyoko upande wa pili wa nukta, ikiwa ya mwisho, ni pumba, iache iruke. Sifuri iliyoko upande wa kwanza ni punje, ukiipepeta umepepeta chakula. Na pasipo nukta hapana upepo, usitikise ungo kabisa.

Hidaya aliandika upya. Sasa programu iliuliza kwanza: je, nukta ipo? Kama haipo, namba haiguswi. Kama ipo, sifuri zinakatwa kutoka mwisho, moja baada ya nyingine, mpaka ikutwe tarakimu yenye uzito au nukta yenyewe. Ikiwa nukta itabaki uchi, nayo inakatwa. Sefania akajaribu zote alizoweza kuziota. Arobaini ikabaki arobaini, mia ikabaki mia, na 0.0 ikatoa sifuri moja yenye heshima zake. 10.50 ikatoa 10.5, na 6.0 ikatoa 6. Alijaribu hadi vidole vikauma, akitafuta kosa jinsi mama anavyotafuta chawa kichwani mwa mtoto wa shule, na hakulipata.

Ilibaki kitu kimoja. Mabadiliko yoyote kwenye programu yalihitaji dole gumba la Mkurugenzi. Hidaya akampigia hapo hapo barazani, akaweka sauti juu.

Mkurugenzi Ngailo alisikiliza, kisha akaeleza kwa upole wa watu wanaokula wameegemea kiti. Ijumaa anakuja kuzindua maputo mapya, na wageni wake ni wazito. Kuondoa sifuri leo ni kuwaambia watu kwamba sifuri ilikuwa na kosa, na kama sifuri ilikuwa na kosa, wataanza kuuliza habari za wale kumi na tisa. Baada ya sherehe wataunda kamati.

"Ijumaa umeagiza magunia mangapi, mheshimiwa?" Hidaya aliuliza.

"Sita. Kama desturi."

Simu ikakatwa. Sefania alikuwa akitazama kamba zake tatu.

3

Alhamisi Sefania alikwenda kwa mtundikaji mpya, kisha kwa mrushaji. Mbazi, mama wa makamo aliyechukua nafasi yake kibandani, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akatoa barua ya Idara iliyopigwa mhuri: mtundikaji atatundika anachokiona kwenye simu, bila kuongeza wala kupunguza.

"Nakuamini, Mzee Sefania," Mbazi alisema. "Lakini ukikosea kwa amri unafukuzwa. Ukikosea bila amri unafungwa."

Kitururu, mrushaji wa jukwaani, alikuwa kijana mwenye kifua na maneno. Yeye alicheka. Akasema maputo ni manane, mapya, yanabeba sitini bila kuhema, na Idara imejenga bwawa jipya, kwa hiyo wakitundika sitini atajua wanajaza bwawa. Tena akamkumbusha kwamba mtu aliyezamisha kijiji hana ruhusa ya kukanyaga jukwaa. Sefania akaaga. Alitoka akijua kwamba watu hawa si wabaya. Walikuwa wamefundishwa kutii namba kuliko macho yao, na aliyewafundisha alikuwa akinyoa ndevu mjini.

Ijumaa saa nne asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimepandishwa ukingoni mwa mlima kuimba na kucheza, ili kamera zipate watu. Bondeni Kwesao, kando ya kijito, penye uwanja pekee ulionyooka, yalisimama mahema meupe ya wageni. Mkurugenzi alikuwa mbele, kiti chenye mto. Nyuma ya mahema palifuka moshi wa wapishi. Hidaya alikuwa huko huko, amesimama kando ya kiti chenye mto, akijaribu kwa mara ya mwisho.

Sefania alikuwa katikati ya ngazi, kama ya mia na hamsini, ambako walimweka kufagia majani. Kutoka pale aliona juu na chini. Alimwona Mbazi akitoka kibandani na makopo. La kwanza, la pili, mpaka la sita. Kisha akateremsha waya wa pili na kufunga mfuniko. Juu, Kitururu akainua darubini, akaishusha, akapaza sauti kwa wapakiaji: sitini.

Sefania aliketi kwenye ngazi.

Kijiji kiko juu, hakuna atakayeguswa. Walioko chini ni wao. Wakubwa wenyewe, kwenye njia ya maji yao wenyewe, na namba yao imeandikwa na kioo chao. Angekaa tu hapa na fagio lake, na kabla ya saa sita dunia nzima ingejua nukta ile ilifanya nini. Hakuna kamati ambayo ingeweza kuifunika maiti ya mkurugenzi. Na akizuia, je? Hakuna maji yatakayoshuka, hakuna ushahidi, na yeye atakuwa yule yule mzee aliyeipuuza nukta, sasa ameharibu na sherehe. Haki yake yote ilikuwa imening'inia pale kwenye waya wa pili, na ilichomtaka afanye ni kukaa kimya. Alikuwa hodari wa kukaa kimya.

Magunia yakaanza kupandishwa. Alihesabu ishirini. Upepo ukamletea harufu ya vitunguu vya wapishi, na akajua bila kutaka kujua kwamba vitunguu vinakaangwa na watu. Nani alikuwa amewahesabu wale? Walihesabiwa kama Nakundwa alivyohesabiwa, yaani baadaye. Na yule binti aliyesema *ni mimi* alikuwa amesimama katikati ya mahema bila mwavuli. Kama angewaacha wafe kwa sababu namba imesema, basi yeye na Ngailo wangetofautiana nini, zaidi ya kiti?

Akatupa fagio, akapanda. Ngazi mia na hamsini kwa magoti ya miaka sitini na tatu. Askari mgambo wawili walimwona akija, wakadhani anakimbilia choo cha jukwaani, wakampisha. Alipofika juu gunia la sitini lilikuwa linafungwa. Mpini wa kuachilia kamba ulikuwa umekaa kwenye tundu lake, umepakwa rangi mpya. Sefania akauchomoa, akauweka chini, akaukalia.

Kitururu akamjia juu, akamwambia atoke asimtie matatani, akaita mgambo. Sefania hakuinua sauti.

"Watanivuta, sawa. Lakini kabla hawajanivuta, chukua darubini yako uangalie bondeni. Sitini ikishuka inapita wapi? Na pale inapopita, nani ameketi?"

Kitururu akainua darubini kwa dharau. Akaitazama Kwesao kwa muda. Alipoishusha, kile kifua chake kilikuwa kimepungua kama puto lililotobolewa. Akawaambia mgambo wasimguse mzee, akaenda mwenyewe kupandisha bendera nyekundu, ambayo kwa kanuni za kituo maana yake ni moja: aliyeagiza mvua aje.

4

Mkurugenzi Ngailo alipanda ngazi mia tatu na ukali wake wote, lakini ukali mwingi uliishia njiani, maana alifika akihema. Nyuma yake wageni, nyuma ya wageni kijiji kizima, kwa kuwa bendera nyekundu haikupandishwa kila siku. Hidaya alibaki ngazi chache chini ya jukwaa, kwenye mstari mweupe ambao simu haivuki.

"Wewe si ndiye yule?" Ngailo alimwambia Sefania.

"Ndiye."

"Unataka nini safari hii?"

Sefania akasema hataki kitu, ni mtu wa darasa la nne, macho yake hayaaminiki, na Idara yenyewe ilishaandika hivyo. Anaomba tu mheshimiwa aliyesoma amsaidie kusoma zile nyaya kule chini. Akaonyesha ubao uliopigiliwa mlingotini, wenye mhuri wa Idara na sahihi ya Ngailo mwenyewe, uliochorwa makopo, mifuniko na maana zake. Kitururu akamkabidhi darubini kwa mikono miwili, kwa adabu iliyozidi kidogo.

Mbele ya watu wale wote Ngailo hakuwa na pa kukwepea. Akatazama ubao, akatazama nyaya, akatazama ubao tena. Midomo yake ikatembea. Wazee waliokuwa karibu waliisoma namba kabla hajaitamka, wakaanza kunong'onezana.

"Sitini," alisema Mkurugenzi.

"Na uliagiza ngapi?"

Ngailo akashusha darubini. Akageuka kutazama maputo manane yaliyovimba, magunia yaliyofungwa, kisha mahema meupe kule bondeni na kiti chake chenye mto, kidogo kama punje. Uso ukampauka. Wengine walisema baadaye kwamba alijishikilia mlingotini.

"Sita," alijibu Hidaya kutoka mstarini. "Aliagiza sita, nami nilikuwa shahidi. Simu imeandika sita nukta sifuri, na nukta haina kopo."

Wakaelewa. Haikuhitaji maelezo, kila mtu pale alikuwa amezaliwa akiyasoma makopo yale. Mama mmoja aliyepoteza watoto wawili katika gharika alikaa chini pole pole, mkono mdomoni. Kisha akainuka, akaja akasimama upande wa Sefania. Wengine wakamfuata, bila kelele, mpaka Mkurugenzi na wageni wake wakajikuta wamebaki upande mmoja kama kibanzi kilichochongwa.

Ngailo akajikohoza. Akasema ni kosa dogo la kibinadamu, litarekebishwa mara moja, na familia zitafikiriwa. Sefania akatikisa kichwa. Hakutaka kufikiriwa. Kwanza, akasema, mheshimiwa ashuke mpaka pale mstarini, aweke dole gumba lake kwenye kazi ya binti huyu. Pili, ile sentensi ya ukurasa wa tatu ifutwe, na itakayowekwa mahali pake aisome yeye kwa sauti, hapa, watu wakisikia. Mpaka hapo mpini huu una mtu juu yake.

Mkurugenzi alishuka, akabonyeza. Hidaya akainua simu juu kabisa, na kule chini simu ya kibandani ikageuka kusema 6, Mbazi akatoka mbio. Watu mia nne walimtazama akifungua mfuniko, akiuvuta waya wa pili na kuukunja. Ukabaki waya mmoja, na makopo sita yakicheza na upepo.

Ngailo akarudi jukwaani. Akasimama mbele ya Sefania, aliyekuwa bado amekaa, hivyo ilimbidi ainame ili wasikilizane.

"Mtundikaji aliiona nukta," alisema.

"Malizia."

"Hakupewa pa kuitundika."

Hapo ndipo Sefania alipoinuka. Vigelegele vilianzia kwa mama yule, vikazunguka ukingo wa mlima, vikashuka bondeni mpaka wapishi wakatoka mahemani kuuliza kuna harusi gani. Magunia hamsini na manne yakateremshwa kwa mikono ya watu, hata wageni wengine wakavua makoti wakabeba. Kitururu alimshika Sefania kiwiko, akamwomba radhi kwa maneno machache, jambo ambalo kwake lilikuwa ajabu kuliko chachu. Kisha akamwambia, shika mpini wewe, baba.

Sefania akauchomeka, akauvuta. Puto moja likapanda, limebeba sita. Likawa jeupe, likawa doa, likapotea. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai hakukuwa na kitu. Kisha tone la kwanza likampiga Sefania kwenye paji la uso, na la pili, na mvua ya kupandia maharage ikashuka Ngovi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Ilikuwa ya wastani, inayojua mipaka yake. Watu waliipokea kwa viganja. Sefania alilia mbele yao, asione haya, maana sura zote zilikuwa zimelowa.

Hidaya akapanda, sasa simu ameiacha mstarini. Akamwuliza jambo lililomsumbua tangu Jumatano. Leo wamepepeta pumba, vema. Lakini mwezi ujao mlima nao utaletewa mizani ya nusu gunia, na siku moja simu itasema mbili nukta tano, na hiyo tano si pumba. Watundikaji watatundika mbili na tano, na wa juu atasoma ishirini na tano. Nukta bado haina kopo.

Sefania alifikiri kidogo. Akawatazama wote waliosimama mvuani, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Mkurugenzi, ambaye tai yake nyekundu ya hariri ilikuwa imemgandama kifuani.

"Mheshimiwa," alisema, akinyoosha mkono, "tuazime hiyo."

Wiki ya tano simu ilisema 2.5. Mbazi akatundika makopo mawili, akateremsha waya mwembamba wenye tai nyekundu, kisha makopo matano. Juu, Kitururu akaangalia kwa darubini, akapakia magunia mawili na nusu, wala hakuuliza mtu.